JASHO SI MAJI MATUPU

Katika lugha yetu jasho ni neno la heshima. Mtu hujivunia kula cha jasho lake, na mkulima na mfanyakazi tumewaita wavuja jasho kwa miaka mingi, katika hotuba na katika magazeti, hata jina lenyewe limekuwa kama cheo. Lakini ni wachache kati yetu waliowahi kujiuliza: huyo mvuja jasho, avuja nini hasa? Akipandisha magunia tangu asubuhi hadi adhuhuri, shati likamganda mgongoni, kisha likakauka na kuacha michirizi myeupe kama mipaka ya ramani, ile michirizi ni kitu gani, na ni nani atakayemrudishia?

Michirizi ile ni chumvi, chumvi ile ile tuitiayo katika mchuzi. Aonjaye jasho lake huijua ladha yake bila ya kufundishwa. Katika lita moja ya jasho la mtu mzima huwamo chumvi ya gramu 2 hivi. Lakini watu si sawa, kwani wako watoao gramu 1 tu na wako wapitao 4. Na mtu afanyaye kazi ngumu juani hutoa lita moja kwa saa bila ya shida; mpiga mbio hodari aweza kutoa hata mbili. Tupige hesabu ndogo. Hamali atoaye lita moja kwa saa, kwa muda wa saa sita, amepoteza lita 6 za maji na gramu 12 za chumvi, yaani vijiko viwili vya chai. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asile chumvi ifikayo gramu 5 kwa siku. Msomaji ataona mara moja kwamba shauri hilo, lililo jema kabisa kwa karani aketiye chini ya pangaboi, haliwezi kuchukuliwa vivi hivi likapewa hamali.

Kwa nini basi mwili utapanye mali yake namna hiyo? Sababu ni joto. Misuli yetu ni kama injini: katika nguvu zote tunazozichoma, ni robo tu, au pungufu, igeukayo kuwa kazi, iliyobaki yote ni moto. Damu huuchukua moto huo hadi kwenye ngozi, na ngozi huutoa kwa jasho. Lakini hapana budi ieleweke kwamba jasho halipozi kwa kutoka. Lapoza kwa kukauka. Lita moja ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na joto la kilokalori 580 hivi. Ikidondoka chini, imepotea bure.

Na hapa ndipo ilipo tofauti ya pwani na bara. Kule Dodoma hewa ni kavu, na jasho huruka kabla halijaonekana, hata mtu akadhani hatoki jasho kabisa, mpaka aivue kofia yake jioni na kuona ukingo mweupe wa chumvi. Lakini Dar es Salaam, Tanga au Mombasa katika mwezi wa Februari, hewa yenyewe imekwisha shiba maji. Jasho lamiminika, lateremka mgongoni, ladondoka ardhini; na mwili, ukiona haupoi, wazidi kulitoa. Mtu wa pwani hulipa chumvi nyingi kwa kununua ubaridi mdogo. Wageni kutoka bara wakisema kwamba pwani yachosha, wenyeji huwacheka na kuwaita wavivu. Hawana haki ya kuwacheka.

Hawana haki, kwa sababu mwenyeji amekwisha fundishwa na mgeni bado. Mtu akifanya kazi katika joto kila siku, kwa muda wa siku kumi hadi kumi na nne mwili wake hubadilika: huanza kutoa jasho mapema zaidi, hulitoa kwa wingi zaidi, na jambo la ajabu, jasho lenyewe hupungua chumvi. Vijitezi vilivyo juu ya figo hutoa homoni iitwayo aldosteroni, nayo huziamuru figo na matundu ya jasho kuirudisha chumvi ndani kabla haijatoka. Kwa hiyo wa kuogopewa zaidi si yule hamali mzee, bali ni kijana aliyeanza kazi juzi. Ni kuruta wa juma la kwanza. Ni mwanafunzi aliyetolewa kwenye baridi ya Makete siku ya Alhamisi akatiwa katika mashindano ya pwani siku ya Jumamosi.

Sasa tuyatazame madini yenyewe. Chumvi ya mezani ni sodiamu iliyoungana na klorini. Mwilini mwa mtu mzima mna sodiamu ya kama gramu 100, na sehemu yake kubwa hukaa nje ya chembe hai, katika damu na katika majimaji yazungukayo nyama. Potasiamu yazidi kidogo, kama gramu 140, lakini yenyewe hukaa ndani ya chembe, karibu yote. Kila neva ipelekapo habari na kila msuli ujikunjapo, sodiamu kidogo huingia ndani na potasiamu kidogo hutoka nje, kisha chembe hufanya kazi ya kuzirudisha kila moja mahali pake. Moyo nao hupiga kwa njia hiyo hiyo. Mtu akipiga mbio kwa nguvu zake zote, potasiamu hutoka misulini kwa wingi hata kipimo chake katika damu hupanda, kwa dakika chache, kufikia kiasi ambacho daktari angekiona kwa mgonjwa kitandani angeshtuka. Akipumzika kidogo, hushuka tena. Magnesiamu na kalsiamu nazo hutoka katika jasho, lakini kwa uchache, na chakula cha kawaida huzirudisha, sitakawia hapo.

Wengi hukosea katika jambo moja, nami naomba msomaji anifuate polepole. Jasho lina chumvi, lakini si nyingi kama ile ya damu. Basi mtu akitoka jasho asinywe kitu, apoteza maji mengi kuliko chumvi, na damu yake huzidi kuwa ya chumvi. Lakini akitoka jasho jingi kisha akanywa maji matupu, tena kupita kiasi alichotoa, chumvi iliyobaki huchanganyika na maji mengi, na damu hupwaya. Kipimo cha sodiamu katika damu ya mtu mzima mwenye afya ni kati ya 135 na 145. Kikishuka sana, maji huingia ndani ya chembe na kuzivimbisha; na ubongo, uliofungiwa katika fuvu, hauna nafasi ya kuvimba. Kichwa huuma, mtu hutapika, husema ovyo, huanguka kifafa, na akikosa tabibu mwenye kuelewa aweza kufa. Kwa hiyo kuna hatari mbili zenye kukabiliana, na dawa ya moja ni sumu ya nyingine.

Elimu hii haikupatikana kwa urahisi, na waliolipa gharama yake ni watu wa kazi. Katika meli za zamani za makaa, wachochea moto waliokuwa chini, penye tanuri, walibanwa na misuli ya miguu na ya tumbo hata wakagaagaa sakafuni. Wengi wao walikuwa watu wa bandari za Bahari ya Hindi, na miongoni mwao walikuwamo vijana walioandikwa Unguja, ambao Waingereza waliwaita Sidi. Huko Uingereza wachimbaji wa makaa katika migodi yenye kina na joto walipatwa na mambo hayo hayo. Mwaka 1923 mtaalamu aitwaye K. Neville Moss alitoa taarifa yake juu ya wachimbaji hao, na mwanachuoni J. S. Haldane akaeleza maana yake: walitoka jasho jingi, wakanywa maji mengi, na maji bila ya chumvi ndiyo yaliyowadhuru. Wakapewa maji yaliyotiwa chumvi kidogo, na maumivu yakapungua.

Mwaka 1931 ulipoanza ujenzi wa lile boma kubwa la maji la Hoover katika jangwa la Marekani, wafanyakazi kadhaa walikufa kwa joto katika kiangazi cha kwanza. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, akiwamo D. B. Dill, walikwenda huko wakapima damu na mkojo wa watu waliobanwa na misuli, wakakuta kwamba chumvi imewatoka. Watu wakahimizwa kutia chumvi zaidi katika chakula. Miaka michache baadaye daktari R. A. McCance wa London aliwafanyia majaribio watu waliojitolea, naye mwenyewe akiwa miongoni mwao: walikula chakula kisicho na chumvi na kutolewa jasho kwa makusudi siku hata siku. Walilegea, misuli iliwabana, na chakula chote kikapoteza ladha mdomoni.

Zamani nilipata kumwamkia mzee mmoja aliyekuwa hamali katika ujana wake, nikamwuliza walikuwa wakinywa nini kazini. Akanicheka. "Mwanangu," akasema, "maji matupu hulegeza. Sisi tulikuwa na ndimu na punje ya chumvi ya mawe katika pindo la shuka. Mtu alamba, ndipo anywe." Mzee huyu hakupata kusikia habari za Haldane. Wala wapagazi wa misafara ya karne ya 19 hawakuzisikia, na hata hivyo chumvi iliyochemshwa katika chemchemi za Uvinza ilikuwa bidhaa ya thamani katika njia ya kutoka Ujiji, na imechemshwa pale kwa zaidi ya miaka elfu moja. Watu hawaangaikii kitu namna hiyo kwa sababu ya ladha tu.

Lakini wanadamu wakipata jema hulivuta mpaka likatike. Baada ya migodi na boma la Hoover ikazuka desturi ya vidonge vya chumvi. Askari walipewa, wachezaji walipewa, viwandani vilitundikwa ukutani kando ya bomba. Na pamoja na vidonge ikaja imani mbaya kuliko zote, kwamba mchezaji shupavu hanywi maji mazoezini. Kidonge cha chumvi katika tumbo kavu huvuta maji kutoka mwilini kuyapeleka tumboni, na mtu hutapika kile alichotaka kukihifadhi. Imani hii haijafa. Nimeiona kwa macho yangu katika kiwanja kimoja: mkufunzi akiwakataza vijana chupa za maji ati wasije wakalegea. Mkufunzi huyo apaswa kuambiwa wazi kwamba hafundishi ushupavu.

Kisha mambo yakageuka, kama mtumbwi uliolalia upande mmoja ukalalia wa pili. Wapiga mbio wakaambiwa wanywe kadiri wawezavyo, kabla hata ya kuona kiu. Mwaka 1981, katika mbio za Comrades za Afrika ya Kusini, zilizo na urefu wa kama kilomita 90 baina ya Durban na Pietermaritzburg, mkimbiaji mmoja alianguka mahututi, na ikaonekana kwamba hakupungukiwa maji bali alizidiwa nayo. Mwaka 1985 Tim Noakes na wenzake waliandika habari za wanamichezo wanne wa namna hiyo. Katika mbio za Boston za mwaka 2002 ilipimwa damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza: asilimia 13 walikuwa na sodiamu pungufu, na watatu kati yao walikuwa katika hatari ya kufa. Waliokunywa hata uzito wao ukaongezeka njiani ndio waliokuwa hatarini zaidi. Hata vinywaji vya chupa vya michezo, ambavyo asili yake ni Gatorade ya Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1965, havimwokoi anywaye kupita kiasi, kwa maana sodiamu yao ni ndogo kuliko ile ya jasho.

Juu ya potasiamu wataalamu wenyewe hawakupatana. Mwaka 1972 daktari James Knochel wa Marekani alitoa matokeo ya vijana waliofanya mazoezi makali katika joto kama makuruta: potasiamu ya miili yao ilipungua siku baada ya siku, kwa kuwa ile aldosteroni izuiayo sodiamu huifukuza potasiamu kwa mkojo. Lakini David Costill wa Indiana, aliyepima nyama ya misuli kwa sindano, aliona kwamba mtu mwenye kula vizuri hapungukiwi sana hata akitoka jasho kila siku. Nami naona hapana ugomvi mkubwa hapo. Neno lenye uzito ni lile la kula vizuri.

Hata ile habari ya kubanwa na misuli, iliyoonekana kama imekwisha, imefunguliwa upya. Martin Schwellnus na wenzake wa Cape Town waliwapima wakimbiaji waliobanwa na wasiobanwa, wakatoa taarifa mwaka 2004 kwamba hawakuona tofauti ya maana katika madini ya damu yao. Wao walishuku uchovu wa neva za misuli. Huenda basi kuna mibano ya namna mbili: mmoja wa mchezaji aliyechoka, ushikao ndama ya mguu mmoja na kuachia ukinyooshwa, na mwingine wa mtu wa kazi aliyevuja chumvi kwa siku nyingi, uzungukao mwili mzima. Mwamuzi akimwona mchezaji amelala chini dakika ya 85 huku timu yake yaongoza, huo ni wa namna ya tatu, nao hautibiwi na daktari.

Joto lenyewe sasa laheshimiwa na wakubwa wa michezo. Huko Doha, mwaka 2019, marathoni ya wanawake ya ubingwa wa dunia ilianzishwa karibu na saa sita ya usiku, na hata hivyo joto lilikuwa zaidi ya digrii 30 na hewa nzito kwa unyevu. Walioanza walikuwa 68, waliomaliza 40. Mshindi, Ruth Chepngetich wa Kenya, alitumia saa 2, dakika 32 na sekunde 43, mwendo wa polepole mno kwa mwanamke wa mbio zake. Marathoni za Olimpiki ya Tokyo zilihamishiwa Sapporo ili kuikimbia hari, na bado, mwezi Agosti 2021, wanaume 30 kati ya 106 hawakufika mwisho. Na ndugu yetu Alphonce Simbu, alipoipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa riadha mjini Tokyo tarehe 15 Septemba 2025, alikimbia katika asubuhi ya joto na unyevu kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akampita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Wengi walisifu miguu yake. Yafaa kusifu pia akili ya mtu ajuaye kuitumia akiba ya mwili wake hata ikatosha mpaka hatua ya mwisho.

Lakini mpiga mbio hukimbia saa mbili akapokewa kwa blanketi na kinywaji. Mkata miwa hukimbia msimu mzima. Katika El Salvador madaktari walitoa habari mwaka 2002 ya ugonjwa wa figo uwauao wanaume vijana wa mashambani, wasio na kisukari wala shinikizo la damu. Na Nicaragua ikaonekana vivyo hivyo miongoni mwa wakata miwa. Chanzo chake kingali chajadiliwa, lakini kazi nzito juani bila ya maji ya kutosha ni miongoni mwa vishukiwa vya kwanza. Huko Qatar, waliko vijana wengi wa Kenya na Uganda, sheria ya mwaka 2021 yakataza kazi za nje tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Ikiwa nchi yenye kupenda majengo marefu namna ile imeona yafaa kusimamisha kazi mchana, basi mwajiri wa huku hawezi kusema kivuli na mapumziko ni anasa.

Na chakula je? Dafu ni jema, lakini tulijue lilivyo: lina potasiamu nyingi sana na sodiamu kidogo, kinyume cha jasho. Anywaye dafu na kula muhogo wa kuchoma uliopakwa chumvi na pilipili amekamilisha hesabu bila ya kujua. Ndizi, maharage, viazi vitamu na mchicha vyaleta potasiamu. Dagaa na mchuzi vyaleta sodiamu. Mfungaji wa Ramadhani afanyaye kazi ya nguvu ana shida zaidi, maana deni lake la mchana wote hulipwa usiku. Kwake tende, uji wenye chumvi na daku isiyorukwa ni dawa kuliko chai tupu ya magharibi. Kwa aliyezidiwa, ule mchanganyiko wa watoto wenye kuharisha wafaa pia: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Sukari ile si ya utamu. Ndiyo ipitishayo chumvi katika utumbo, na maji huifuata. Mwenye shinikizo la damu au atumiaye vidonge vya kuongeza mkojo asijitibu kwa chumvi, amwulize daktari wake. Na aliyeanza kupayuka au kuyumba kama mlevi asinyweshwe kitu kwa nguvu. Apelekwe kivulini, avuliwe nguo za juu, amwagiwe maji na kupepewa, na hospitali itafutwe wakati huo huo.

Mwenye mizani ana njia rahisi kuliko zote. Ajipime kabla ya kazi na baada yake. Kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja iliyotoka. Ikiwa hakupungua kitu, alikunywa ya kutosha. Ikiwa ameongezeka, amezidisha. Mizani ya kupimia magunia ipo katika kila ghala la pamba, la korosho na la karafuu, na haijapata kukataa kumpima mtu ayabebaye.